Nilivyohamishiwa kwenye jiwe

Dogo kaanza mpira mwezi wa sita, ana miaka 6 na nusu, na msimu wao umeisha Jumamosi. Nilijiahidi ntakuwa naandika mechi baada ya mechi ila si unajua mambo yanavyokuwa, kwa hiyo leo namwaga yote kwa mkupuo.

Timu ni ya mtaani huku kwetu Nyegezi, uwanja wa vumbi, upande mmoja umepakana na mawe yetu haya ya Mwanza ambayo kila anayetaka kujenga anayalaani. Wanacheza saba saba, dakika 15 kila kipindi, magoli madogo ya kubeba, mpira namba 3. Hiyo ya namba 3 nimeijulia hukohuko, maana siku ya kwanza nilifika na namba 5 mpya kwa mbwembwe zote, kocha akaubonyeza akasema mzee huu baki nao ucheze wewe. Kumbe mtoto mdogo akipiga namba 5 mguu unamuuma na mwisho anaanza kuuogopa mpira. Ningejulia wapi, sisi tumekulia chandimu ya makaratasi na kamba, namba ingeandikwa wapi?

Dogo alitaka kuwa kipa. Sio kwamba anajua kudaka, alizipenda glavu. Mama yake ni Yanga, mi Simba, na bwana mdogo kaamua yeye ni Diarra, yule kipa wa Yanga, basi ikawa kula na glavu, kulala na glavu, siku moja kaenda nazo chooni mama yake akapiga kelele mpaka jirani akaja.

Sasa mechi ya kwanza. Mi ni mtu wa kelele, nakubali, Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza, ilivyorudi Ligi Kuu msimu ule wa 2024/25 nilikuwa nikitoka uwanjani siku mbili sina sauti. Nikajipanga nyuma ya goli la Dogo nikaanza kazi, toka! rudi! kaa katikati! daka! Tatizo mtoto huyu kalelewa vizuri mno, akisikia baba anaongea anageuka kumsikiliza baba. Goli la kwanza limeingia yeye ananiuliza "unasemaje baba?" La pili limeingia kaninyooshea kidole gumba kuonyesha kanisikia. Tulipigwa 6, na kwa haki kabisa 3 ni zangu.

Baada ya mechi kocha akanifuata. Kijana mdogo tu, mpole. Akaanza na shikamoo ya kuinama kabisa, na mtu aliyekusalimia asubuhi akirudia shikamoo jioni jua kuna kitu. "Mzee wangu, naomba mechi ijayo ukae pale." Akanyoosha mkono kwenye jiwe. Pale ni mbali jamani.

Nilinuna wiki nzima lakini nikaenda. Na huko juu sio kubaya, kuna mama anauza karanga, kuna bodaboda wawili watatu wanapumzika, upepo wa ziwa unakupiga usoni na ziwa lenyewe unaliona. Nilijaribu kupiga kelele mara moja tu, aliyegeuka ni mbuzi.

Ndo nikaanza kumuona mwanangu sasa. Wenzake wote wanaukimbilia mpira kama vifaranga waliotupiwa chenga za mchele, timu zote mbili zimo humohumo, yeye kabaki peke yake golini anachora vumbi kwa mguu. Nikajua anacheza. Kila mechi anachora, kamstari kamoja kuanzia katikati ya goli kuja mbele, kakifutika anachora tena. Mechi ya nne nikamuuliza, akasema kocha kamwambia akitoka golini akapotea aangalie mstari atajua katikati ni wapi. Yaani mi nilikuwa namuimbia kaa katikati, kaa katikati, na hakuna aliyewahi kumuonyesha katikati ni wapi.

Tulicheza mechi 8, tukashinda 1, sare 2, zilizobaki tusiziongelee. Kuna timu ilileta straika "wa miaka 7" mwenye sauti nzito kuliko yangu. Tuliache na hilo.

Jumamosi mvua ilipiga asubuhi, golini tope, mstari hauchoreki. Moja moja, dakika za mwisho, mtoto mmoja wa kwao akachomoka na mpira, wamebaki wawili tu. Nilijing'ata mkono, alama ninayo. Dogo akaangalia chini, mstari hakuna, akaangalia milingoti, kulia, kushoto, akasogea hatua moja, mpira ukampiga tumboni ukatoka kona. Refa akamaliza hapohapo.

Akaja kupanda jiwe kwa magoti, tope tupu.

"Baba, ulikuwa umelala?"

"Sijalala, nimeona yote."

"Mbona sijakusikia?"

Hakusubiri jibu. Kanirushia glavu nimshikie, zimelowa, zinanuka kama dagaa wa juzi, kaenda kwa mama wa karanga kukopa kwa jina langu.