Siku moja ya dereva wa mizigo kwenye theluji na barafu, saa kwa saa

Saa 10:30 alfajiri

Nyuzi 10 chini ya sifuri, na gari limelala nje. Kabla ya kuwasha, brashi mkononi. Theluji ya juu ya paa naitoa kwanza, kisha boneti, vioo, taa zote na namba za gari. Madereva wengi huiacha ya paa, na hilo ni kosa kubwa: ukifunga breki, yote inaporomoka kwenye kioo cha mbele na huoni kitu; ukikimbia, inamwangukia anayekufuata. Barafu ya kioo naikwangua kwa kikwangulio cha plastiki. Maji ya moto usithubutu, kioo kinaweza kupasuka, na kisipopasuka maji yataganda hapo hapo. Halafu nachungulia bomba la moshi. Likizibwa na theluji huku injini inanguruma, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inaweza kuingia ndani ya gari, na haina harufu ya kukuamsha.

Saa 11 alfajiri

Matairi. Hapa sina haraka hata kidogo, kwa sababu breki, usukani na injini vyote vinapitia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja hivi.

Upepo napima kabla gari halijatembea. Tairi lililojazwa PSI 36 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, kwa baridi ya leo litasoma kama 31, na wala halina pancha. Ni hewa imesinyaa tu. Najaza mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Ile tabia ya kupunguza upepo ili gari "lishike" theluji haifai barabarani: tairi linalegea, linachelewa kuitika usukani.

Kina cha mifereji napima ndani, katikati na nje, maana tairi huweza kuliwa upande mmoja. Jipya la msimu wa baridi huwa na milimita 8 hivi. Nchi nyingi sheria inakubali mpaka 1.6, lakini likishuka chini ya 4 mimi silihesabu tena kuwa tairi la theluji. Mifereji inatakiwa kuishindilia theluji na kuishikilia, kwa kuwa theluji hung'ang'ania theluji mwenzake kuliko inavyong'ang'ania mpira. Mifereji mifupi haina pa kuiweka.

Ukiinama na tochi utaona kila kitalu cha mpira kimechanjwa mikato myembamba kama ya wembe. Gari likikanyaga, mikato hiyo inafunguka na kingo zake zinakwangua barafu. Mpira wenyewe una mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi. Ule wa kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji. Ukienda kununua, tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ina maana tairi limefanyiwa jaribio la theluji. Herufi M+S peke yake ni maneno ya mtengenezaji. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 4123 ni wiki ya 41 ya mwaka 2023.

Funga manne, si mawili. Ukiyaweka mbele tu, mbele itashika na kitako kitakupita kwenye kona. Yenye kina zaidi yakae nyuma. Na ukishabadilisha, kaza nati upya kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100.

Saa 12 asubuhi

Naondoka kwa gia ya pili, klachi polepole, ili magurudumu yasizunguke bure. Kwenye barabara nyoofu isiyo na mtu nyuma, nikiwa kilomita 20 kwa saa, nakanyaga breki kwa nguvu mara moja. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikianza kutetemeka mapema, najua leo nina kazi.

Hesabu ni hii. Kwa kilomita 50 kwa saa, lami kavu inakusimamisha ndani ya mita 12 au 13 tangu breki ishike. Theluji iliyoshindiliwa ni kama 33. Barafu tupu inakaribia 100. Shuka hadi kilomita 30 na hizo 100 zinakuwa 35. Ndiyo maana naacha sekunde 8 mpaka 10 kati yangu na gari la mbele, na anayeingia kwenye nafasi hiyo namwacha, narudi nyuma tena. Gari la kuvuta magurudumu manne linakusaidia kuondoka. Kusimama linategemea matairi yale yale.

Saa 3 asubuhi

Jua limetoka, kipimajoto kinakaribia sifuri, watu wanachangamka. Mimi hapa ndipo ninapopunguza mwendo zaidi. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ngumu na kavu, tairi zuri linapata pa kushika. Karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, na hakuna kitu kinachoteleza kuliko hicho.

Kipimajoto cha gari kinapima hewa. Lami inaweza kuwa baridi zaidi. Madaraja huganda kwanza kwa kuwa upepo unapita juu na chini, halafu vivuli vya miti na njia panda ambako magari husimama na kupolisha theluji. Dalili ninayoiamini: barabara inang'aa kama imelowa, lakini magurudumu ya gari la mbele hayarushi maji. Sauti ya matairi nayo inapotea ghafla. Hapo usiguse breki wala kugeuza usukani kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipite.

Saa 6 mchana

Milima. Nasubiri gari lililotangulia limalize kupanda, kisha naingia na mwendo wangu na kuulinda bila kubadilisha gia. Kushuka ni gia ndogo tangu juu. Minyororo ya theluji hufungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, mahali tambarare, kabla ya mlima. Baada ya mita mia chache nasimama kuikaza upya, na sizidi kilomita 50 kwa saa.

Gari likinasa, usikanyage mafuta; unachimba shimo na kulipolisha. Nyoosha magurudumu, fukua mbele na nyuma, mwaga mchanga, zima kidhibiti cha kuteleza, kisha sogeza mbele na nyuma taratibu.

Saa 9 alasiri

Kona zimeanza kuganda upya. Mbele ikikataa kukata kona, silka inakwambia zidisha usukani. Wewe fanya kinyume: punguza usukani, ondoa mafuta, subiri tairi lishike. Kitako kikitoka, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko, klachi chini. Dharura yenyewe, kanyaga breki yenye ABS mpaka mwisho na usiachie, huku ukiendelea kuongoza gari.

Saa 12 jioni

Naegesha gia ikiwa imeingia, mahali tambarare, bila breki ya mkono, kwani unyevu ndani yake ukiganda asubuhi gari halitoki. Wipa nainua, mipira ya milango napaka silikoni, maji ya kioo nahakikisha yanavumilia nyuzi 25 chini ya sifuri, na tangi halishuki chini ya nusu: ukikwama usiku, hita ni mafuta.