Kiti Kilichotazama Mombasa

Ndani ya treni viti vyetu vilitazamana, meza ndogo katikati. Baba alikaa dirishani, uso Voi. Mimi nilikaa mkabala naye, mgongo Voi, uso Mombasa. Ilikuwa Januari 2018, na safari ile sikuitaka.

Baba alikuwa gadi wa treni. Tulilelewa katika nyumba za reli, Changamwe. Asubuhi alirudi na firimbi shingoni, bendera ya kijani na nyekundu kwapani, mkononi mahamri yamefungwa kwa gazeti, mafuta yamepenya hadi herufi zinasomeka upande wa pili. Mama alikuwa ameshapika mbaazi za nazi. Tangu Mama afariki, 2009, nilikuwa naishi ndani ya asubuhi hiyo. Kila Jumapili baada ya ibada nilipita stesheni ya zamani mjini, nikasimama tu. Treni ya usiku ya abiria ilipositishwa 2017, katika reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896, nililia kama niliyefiwa mara ya pili. Kwaya niliiacha. Mchumba wangu aliuliza tarehe ya harusi hadi akanyamaza. Yeyote aliyeniambia tusonge mbele nilimwona anamzika Mama upya.

Baba ndiye aliyetaka SGR. "Nipeleke kwa shangazi yako na hiyo treni mpya," akasema. Nikatia firimbi na bendera zake mkobani. Nilitaka nimtolee njiani, tukumbuke pamoja.

Tukaondoka Miritini. Baada ya Mariakani reli ya zamani ikajitokeza chini yetu, nyembamba, majani yameota kati ya mataruma.

"Baba, tazama!"

Akatazama mara moja, akarudisha macho mbele. Nikaanza kuhadithia: mahamri, mbaazi, Mama akiimba jikoni. Aliniacha nimalize.

"Wana wa Israeli kule jangwani," akasema, "walikumbuka nini cha Misri?"

Baba ni mzee wa kanisa, huzungumza hivyo. "Samaki," nikamjibu. "Matango. Matikiti. Vitunguu."

"Na matofali?"

Nikanyamaza. Katika Hesabu 11 matofali ya utumwani hawakuyataja.

"Basi mimi nitakutajia matofali." Akaweka mikono juu ya meza. Kabla yangu, alisema, walipata mtoto wa kike. Uchungu ulimshika Mama usiku, yeye yuko kazini kati ya Voi na Mtito Andei, simu hakuna. Jirani alihangaika kutafuta gari hadi kukapambazuka. "Nilifika na mahamri mkononi. Nikamkuta mtoto amefunikwa leso. Mama yako alinisamehe kabla sijajisamehe mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa nasikia harufu ya mahamri naondoka mezani. Mungu alinitoa kwenye asubuhi ile pole pole, mwanangu, kwa mkono wake. Nawe kila ukifungua mdomo unaniita nirudi."

Hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa na dada. Asubuhi ile niliyoihifadhi kama dhahabu, mwenzangu alikuwa ameibeba kama jiwe, na hakuninyima hata siku moja furaha yangu ya mahamri.

Akafumba macho akaomba palepale. Hakuomba nimsahau Mama. Alimshukuru Mungu kwa ajili yake, akamtaja kwa jina, na huyo mtoto akamtaja, maana walimpa jina. Kisha akatamka maneno ya Paulo kwa Wafilipi: "Nikiyasahau yaliyo nyuma, nikiyachuchumilia yaliyo mbele." Nimeyasikia tangu utotoni. Siku hiyo ndipo nilipomfikiria aliyeyaandika: mtu aliyelitesa kanisa, aliyekuwa na kila sababu ya kubaki nyuma akijilaumu. Nami nikaona kwamba kwa miaka tisa sikuwa nikimlilia Mungu aliyenipa Mama. Nilikuwa nikiililia ile asubuhi, kana kwamba yenyewe ingeniokoa.

"Njoo ukae huku," Baba akasema.

Kiti cha ubavuni pake kilikuwa kitupu. Nikahamia. Mbele kulikuwa na nyika nyekundu, na kwa mbali milima ya Taita imeanza kuonekana.

Voi, kabla sijainuka, Baba alishasimama kuuchukua mkoba wangu kule juu. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, visigino vimechomoka viatuni, mikono inatetemeka. Akachuchumia hadi akaushika. Ukalia ndani. Akaupapasa, akajua.

"Bendera weka," akasema. "Hiyo firimbi kampe mjukuu wa shangazi yako. Inataka pumzi."

Mtoto aliipuliza tangu mchana, ua mzima, kuku wakakimbilia migombani. Jioni nikatoka nje nikampigia mchumba wangu kumwambia tarehe. Kwa kelele zile ilibidi niirudie mara tatu.