Msifute programu za zamani

Jana niliitwa kiwandani, mashine ya kufungashia inakata mifuko kabla haijajaa. Bodi yake ya kuongozea niliisanifu mwenyewe mwaka 2010, kwa chipu ya Spartan-3, ya aina ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe kwa programu ya kompyuta. Kilichotakiwa ni kubadilisha namba moja tu ya muda.

Namba moja! Lakini Vivado, programu mpya ya kusanifia chipu za namna hii, haiitambui kabisa familia ile ya chipu. Inayoitambua ni ISE, programu iliyoitangulia Vivado, ambayo toleo lake la mwisho, 14.7, lilitoka 2013. Nashukuru sana kwamba miaka ile niliihifadhi yote ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi: Windows yake, leseni yake, na hata anwani ya kadi ya mtandao, maana leseni imefungwa kwenye anwani hiyo. Ukiibadilisha, programu inagoma.

Kabla ya kugusa chochote nilijenga upya mradi wa zamani kama ulivyo, nikalinganisha faili lililotoka, lile linaloingizwa kwenye chipu, na lile la 2010. Tofauti ilikuwa tarehe na saa za mwanzoni tu. Hapo moyo ukatulia. Kama vingetofautiana zaidi ya hapo, nisingethubutu kuwasha mashine ya watu kwa kubahatisha.

Vijana wengi hutunza michoro na msimbo, kisha wanafuta programu iliyovitengeneza wakidhani wataipakua tena. Wenzangu, hifadhini na kisakinishi chenyewe. Nakala mbili, diski tofauti, na muwe mnaifungua kila mwaka muone kama bado inawaka.

Saa kumi jioni mifuko ilikuwa inajaa vizuri.