Walinisomea aya ya kwanza tu

Wiki iliyopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Mbinga. Binti yake amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda utawani. "Dada, wewe ulipita huko," akasema, "zungumza naye." Kisha akanisomea orodha ya mahitaji: godoro, blanketi, shuka jozi mbili, ndoo, jembe, sanduku la bati. Nilikuwa nasikiliza huku namwona baba yetu, Januari 1999, akiuza kahawa yake magoma, ikiwa bado iko mtini, kwa bei ya kutupa, ili mimi niende na orodha kama hiyo hiyo.

Nilikaa huko karibu miaka kumi. Sijawahi kuandika habari zake, na shirika sitalitaja, maana wamo humo watu ninaowapenda mpaka leo.

Kazi haikunishinda. Mimi ni Mmatengo. Kwetu wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga mirabamiraba mlimani, wanawake hufuata na majembe, wanachimba katikati na kuzifukia, mpaka mteremko wote unakuwa mashimo ya ngolo. Nilishika jembe kabla sijashika kalamu. Kwa hiyo nilipofika nyumba ya malezi nikaambiwa kengele ni saa kumi na nusu alfajiri, kuna nguruwe, kuna bustani, kuna kuni, sikuona ajabu. Nikapita hatua za malezi kabla ya nadhiri: uaspiranti mwaka mmoja, upostulanti mwaka mmoja, unovisi miaka miwili. Desemba 2002, kwenye sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, nikaweka nadhiri za kwanza. Usafi wa moyo, ufukara, utii. Kila neno nililitamka kwa moyo wangu wote, na vigelegele vya mama kutoka nyuma kabisa ya kanisa bado navisikia.

Nikapangiwa chumba cha hostia.

Watu wengi wanapokea Komunyo maisha yao yote bila kujua hostia, ule mkate mwembamba wanaopewa, inaokwaje. Ni unga wa ngano na maji, basi. Unakoroga mpaka uwe uji mwepesi, unamimina kwenye sahani ya chini ya mashine, unashusha ya juu na kubana. Mvuke unatoka pembeni kwa kelele. Ukifungua unakuta karatasi nyeupe, nyembamba, yenye alama za msalaba. Ukichelewa kidogo tu inashika madoa ya kahawia, na yenye madoa haiendi altareni. Ikiwa kavu huwezi kuikata, inapasuka vipande. Unailaza kwenye vitambaa vyenye unyevunyevu hadi kesho yake, ndipo unaikata, na yale mabaki ya pembeni watoto wa jirani wanakuja kuyaomba dirishani.

Mchana umeme ulikuwa hafifu, sahani hazishiki moto. Nikawa naoka usiku, kuanzia saa saba mpaka kengele ya Masifu ya Asubuhi. Kwaresima ndiyo ilikuwa nzito zaidi, maana parokia zote huagiza za Pasaka kwa wakati mmoja. Mvuke uliniunguza kifundo cha mkono wa kulia mara nyingi hata ngozi ya pale ikawa ngumu kama ya kisigino. Na nilikuwa na furaha! Nilisali vizuri mle ndani kuliko kanisani. Kila karatasi niliyoitoa nilimwombea mtu nisiyemjua atakayeila.

Mwaka 2007 mama alikuja kunitembelea. Alisafiri siku nzima kwa basi na debe la maharage ya kuwapa masista. Macho yake yalikuwa yamepata mtoto wa jicho, haoni vizuri, aliongozwa na kijana wa basi mpaka getini. Siku hiyo tulikuwa na wageni wafadhili, wamekaa chumba cha wageni na kuku na soda. Mama alipewa ugali kwenye benchi la nyuma ya jiko. Nilipomfuata nikakaa naye, akanishika mkono, akaupapasa polepole, vidole vikafika kwenye kovu. "Mwanangu," akasema, "huku wanakupikisha nini?"

Nikamwambia hostia, mama. Akanyamaza kidogo, halafu akaubusu mkono wangu pale pale penye kovu.

Baada ya yeye kuondoka nilikwenda ofisini kwa mkuu wa nyumba kuomba msaada wa hela ya upasuaji wa macho. Haikuwa hela nyingi. Nikajibiwa: "Sista, uliweka nadhiri ya ufukara. Huna chako, na familia yako sasa ni hii." Nilikubali, nikaenda kanisani nikalia, nikatubu kosa la kuomba hela. Wiki chache baadaye yakaletwa makochi mapya ya chumba cha wageni. Hapo ndipo kitu kilivunjika. Kwenye kikao cha jumuiya nikanyosha mkono nikauliza hela ya hostia inaingia wapi. Ukumbi mzima ukawa kimya. Nikaambiwa ninapungukiwa utii, kikao kikafungwa kwa sala, na kesho yake nikanyang'anywa ufunguo wa chumba cha hostia nikapelekwa kwenye nguruwe.

Nguruwe si adhabu kwa mtu wa kwetu. Ila kuanzia siku hiyo kila nilipousikia utii ukihubiriwa, niliona makochi. Nilikuwa tayari kuwa maskini pamoja na maskini wenzangu. Sikujua kama ufukara ule ulikuwa wetu sisi wa jikoni peke yetu.

Nadhiri zangu za muda ziliisha Desemba 2008, sikuomba za daima. Sista aliyenilea unovisi alinikumbatia akalia. Sista yule angeniambia nibaki, huenda ningebaki. Nilivua shela ofisini, nikapewa gauni moja na nauli. Kisha nikasomewa Sheria ya Kanisa, kanuni ya 702: anayetoka shirikani hawezi kudai chochote kwa kazi aliyoifanya humo. Nikatia sahihi. Nilikuwa na umri wa miaka 29, sina cheti chochote zaidi ya cha kidato cha nne.

Mama alipasuliwa macho mwaka uliofuata, kwa kahawa ya kaka. Bandeji ilipotolewa aliniona mimi, kichwa wazi. "Kumbe una mvi," akasema.

Miaka ilipita nikiamini kanuni ile inaishia pale waliponisomea. Siku moja, nikiwa ofisini kwa paroko nasubiri cheti cha ubatizo, nikakiona kitabu cha sheria rafuni, nikakifungua. Kanuni ya 702 ina aya mbili. Ya pili inasema, hata hivyo, shirika litende kwa haki na kwa upendo wa kiinjili kwa yule anayetengana nalo. Nilisoma nimesimama. Mapaja yalitetemeka, sisemi kwa kutia chumvi.

Machi 2018 jarida la wanawake la gazeti la Vatikani liliandika waziwazi kuhusu masista wanaowapikia na kuwafulia maaskofu na makardinali bila malipo, au kwa malipo kidogo mno. Mwaka 2020 Kardinali João Braz de Aviz, aliyekuwa anasimamia mashirika ya kitawa, akaeleza kwamba Papa Fransisko amefungua nyumba Roma ya kuwapokea wanawake waliotoka utawani wakabaki bila pa kwenda. Niliposoma hayo nilijua kwamba sikuwa mwasi kwa kuuliza lile swali.

Binti wa kaka alikuja Jumamosi. Ana macho yale yale niliyokuwa nayo. "Shangazi, utanikataza?" Nikamwambia hapana, mwanangu, na sikuwa namdanganya, wapo masista wanaozalisha wanawake usiku kwenye zahanati ambako hakuna daktari, na kama ameitwa huko, aende. Leo ninaoka mikate ya kuuza, kwa hiyo godoro nimelinunua mimi. Jembe pia. Jana tulipanga sanduku pamoja, na chini kabisa, chini ya shuka, nimeweka fotokopi ya ukurasa ule, aya zote mbili. Akauliza ni karatasi ya nini. Nikamwambia akae chini kwanza, tuisome.