Kingo za MDF kwanza, rangi baadaye

Mnaonunua MDF (mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) pale Ndeeba, Kampala, kwa ajili ya vibao vya majina na fremu, anzeni na kingo. Uso wa ubao umeshindiliwa, lakini ukingo uliokatwa kwa msumeno uko wazi na hunywa rangi kama sponji. Ndiyo maana pale pana mabaka hata baada ya kupaka rangi mara tatu. Piga msasa namba 180, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikauke kabisa, kisha msasa 240. Rudia. Halafu praima (rangi ya msingi) ya mafuta. Ya maji husimamisha nyuzi. Paka mbele na nyuma, la sivyo ubao utapinda, hasa mvua za Aprili. Na barakoa, jamani: vumbi lake lina gundi ya fomaldehaidi.