Karani wa kombania

Watu wakijua kuwa nilikwenda Vita vya Kagera hutaka niwahadithie mizinga. Vijana wa barazani hapa Wete ndio kabisa: "Babu, Saba Saba, ile mizinga ya roketi, ikiliaje?" Ililia, tena sana. Lakini mie nilikuwa karani wa kombania, yaani kikosi kidogo cha jeshi, na silaha yangu kubwa ilikuwa taipureta yenye herufi moja iliyokatika.

Siku ya karani huanza na hesabu ya askari. Nani yupo, nani mgonjwa, nani kaitwa brigedi, nani hakurudi doria. Hesabu hiyo ikipotoka, chakula hakitoshi, na kamanda anapanga vita na watu ambao hawapo. Kambini wakati wa amani ni kazi nyepesi. Ila Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilivimba ndani ya miezi michache: mgambo, polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, wote wakamiminwa vikosini, kila mmoja na namba ya huko atokako.

Tena yako majina yetu. Sie Wazanzibari mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Unaweza kuwa na Ali Juma Ali wawili na Juma Ali Juma wa kuwachanganya. Anwani ndiyo usiseme: "Kengeja, ukishapita msikiti, nyumba yenye mkungu mbele." Afisa wangu akicheka. Mie nikiandika hivyo hivyo, maana mwenye barua akifika Kengeja na maelezo hayo hapotei.

Masika ya 1979 yalitukuta Uganda, na karatasi nilizihifadhi ndani ya sanduku tupu la risasi. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonielemea ni safu ya mwisho kwenye orodha: amefariki, majeruhi, hajulikani alipo.

Makao makuu ilikuwa hesabu tu. Mie niliyesoma chuo cha Kurani nilikuwa namwona kadhi amekaa upande wa pili wa karatasi. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku barua ilipofika. Mirathi nayo: mama aliyekufa wiki moja kabla ya mwanawe hamrithi, akifa wiki moja baadaye keshamrithi, na fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Tarehe nikiikosea, watu wanakula haki ya wenzao bila ya kujua. Na huyo asiyejulikana alipo ndiye mzito kuliko wote. Mkewe si mjane wala hana mume, na mali haigawiwi mpaka kadhi ahukumu.

Kwa hiyo nilikuwa mbishi. Baada ya mapigano ya Lukaya, mwezi wa Machi, alinijia koplo mmoja, tope mpaka kiunoni, akanitajia majina ya kuandika wamekufa.
"Huyu wa tatu umemwona?"
"Nimeona buti lake."
"Buti si mtu, koplo."
Akanitukana, na ana haki, kalala kinamasini yule. Niliandika "hajulikani alipo". Mtu mwenyewe alikuja kupatikana kwa waganga wa jeshi huko nyuma, kaandikwa chini ya kombania nyengine.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Wenzangu walicheza ngoma; mie nikasawazisha orodha.

Siku hizi mambo yako kwenye kompyuta, nasikia, lakini kompyuta haijui ulilolificha. Jirani yangu mmoja ni askari, fomu yake ya mtu wa karibu, wa kupewa habari akifa, kaijaza siku alipoajiriwa: mama yake, Mungu amrehemu. Tangu hapo ana wake wawili, na mke mkubwa hajui kama yuko wa pili. Kila akija likizo namuuliza kama keshaibadilisha. Juzi kaniona natoka msikitini, akakata njia ya sokoni.