Majhuli inavyohama magazetini

Siku hizi nikisoma magazeti ya Kiarabu macho yangu huganda kwenye neno moja: tamma, "imetimia". Mkataba ukitiwa saini, wanaandika "tamma tawqiu al-ittifaqiyya", yaani utiaji saini wa mkataba umetimia. Nahau tuliyosoma chuoni ingetumia majhuli, yaani kauli ya kutendwa, ikasema "wuqqiat al-ittifaqiyya", mkataba umetiwa saini, irabu zikibadilika ndani ya kitenzi chenyewe, basi.

Sababu naiona, na siwalaumu. Gazeti haliandiki irabu. Herufi zilezile tatu, kaf, ta na ba, ni kataba, "ameandika", na pia ni kutiba, "imeandikwa". Kwenye msahafu irabu zipo zote, kwa hiyo hata mtoto hakwami kwenye "kutiba alaykumu s-siyam", mmeandikiwa kufunga. Msomaji wa gazeti hana msaada huo. Tena mtu wa Cairo nyumbani kwake, akitaka kusema "imeandikwa", husema "itkatab". Majhuli ya kubadili irabu huikuta shuleni. Tamma inamvusha salama.

Kinachoniuma ni "min qibal", "kwa upande wa", inayobandikwa baada ya kitenzi ili kumtaja mtendaji: mkataba ulitiwa saini min qibal waziri. Imeota mizizi kwa kutafsiri habari za lugha za Ulaya. Sisi Waswahili haitushtui, maana "umetiwa saini na waziri" ndiyo kauli yetu ya kila siku. Lakini katika Kiarabu mtendaji aliondolewa kwa makusudi, na aliyetendwa akakalia kiti chake, akaitwa naibu faili, yaani naibu wa mtendaji. Ukimjua mtendaji, mtaje mwanzoni: waziri ametia saini mkataba. Soma Sura Hud, aya ya 44: "wa ghidha l-mau wa qudhiya l-amr", maji yakadidimizwa, amri ikapitishwa. Hatajwi aliyefanya, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye. Ukimya ule ndio unaonitetemesha kila ninapoisoma.

Malalamiko haya ni ya zamani. Ibrahim al-Yaziji, mwanalugha wa Kiarabu aliyefariki 1906, aliwakosoa waandishi wa magazeti wa zama zake, na magazeti yakaendelea kuandika. Siku hizi wanasema hata "mudir wa muassis al-sharika", mkurugenzi na mwasisi wa kampuni, badala ya kuwatenganisha kama zamani: "mudir al-sharika wa muassisuha". Hilo halininyimi usingizi, maana yake ni ileile. Min qibal inagusa maana. Ndiyo maana nikiandika Kiarabu tamma naipokea, na min qibal naiacha, hata sentensi ikinilazimu kuianza upya.